Bima wanachukua gari lililogongwa. Namba yenye jina la mwanangu inakwenda nalo?

#1 Mzigua_wa_Reading

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa haraka kwa mlioko Uingereza, hasa wanaoyajua haya mambo ya namba za magari.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nimesimama kwenye mzunguko nasubiri zamu yangu, gari la mizigo likanipiga kwa nyuma. Mimi mzima, alhamdulillah, ila Corolla yangu imekunjika mpaka kwenye chesisi. Jana bima wamenipigia: hawatengenezi, wanalichukua, wananilipa. Wameliweka kundi S, la magari yaliyoharibika kiunzi. Wametuma karatasi wanataka jibu ndani ya siku saba, na gari lenyewe liko kwenye yadi yao tangu Jumamosi.

Hela wanayotoa sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni namba. Mwaka 2020 nilinunua namba ya jina moja kwa moja DVLA, mamlaka ya magari ya huku, pauni 399, kodi na kila kitu ndani. Herufi mbili za mwanzo na tatu za mwisho ukiziunga unasoma jina la binti yetu, na katikati kuna 19, mwaka aliozaliwa. Siiandiki hapa kwa sababu mnanijua. Mama watoto alilia nilipomwonyesha. Mtoto mwenyewe sasa anajua kusoma, akifika maegesho ya shule anawaonyesha wenzake: "Hilo gari ni mimi."

Nilipomwuliza dada wa bima akanijibu gari likishakuwa lao linakuwa lao na vyote vilivyomo. Sasa najiuliza, namba nimeinunua kwa hela yangu, risiti ninayo, inageukaje kuwa kitu kilichomo ndani ya gari?

#2 Kidumu_cha_Mbagala

Watu tunatafuta gari, wewe unatafuta namba. Pole mkuu, ngoja waje wajuzi. Naweka kambi hapa.

#3 FundiLeicester

Mzigua, usisaini chochote leo. Soma hii kwanza.

Huku namba hainunuliwi kama unavyonunua kochi. Ulichonunua DVLA ni haki ya kuitumia ile namba. Ikiwa kwenye cheti, haki ni ya aliyeandikwa kwenye cheti. Ukishaivisha gari, haki inahamia kwenye gari, na mwenye kauli juu yake ni yule ambaye jina lake liko kwenye kadi ya gari, ile V5C. Risiti yako ya 2020 ni kumbukumbu tu. Gari likiondoka mikononi mwako na namba ikiwa juu yake, imeondoka.

Kwa hiyo yule dada hajakudanganya, ila hajakwambia yote. Mpaka sasa hujapokea hela, na kadi bila shaka bado ina jina lako. Fanya hivi: wapigie bima uwaambie unataka kubaki na namba, na uwaombe wakuandikie kwamba hawana dai juu yake. Wanazo barua za namna hiyo tayari, si jambo geni kwao. Wakishaandika, unaingia kwenye tovuti ya DVLA, unatoa namba kwenye gari, unalipa pauni 80. Gari linarudishiwa namba yake ya kiwandani, ile lililotoka nayo dukani, na wewe unapata cheti cha kutunzia namba, V778. Baada ya hapo ndipo upokee hela, na uwape bima ile namba iliyorudi ili mafaili yao yasigongane.

Nina maswali matatu. Moja, kadi ya gari iko kwa jina la nani? Mbili, kodi ya barabara iko hai au uliisimamisha? Tatu, ukipata hela unanunua gari la mwaka gani?

#4 Mzigua_wa_Reading

Kaka umenirudishia roho. Kadi iko kwa jina langu, ninayo hapa mezani. Kodi iko hai, nalipa kila mwezi kwa benki. Kesho asubuhi nawapigia.

#5 Bi_Mwanaidi_Slough

Wanangu, mimi nimeshalizwa na hili, ngojeni niwahadithie.

Marehemu mume wangu alikuwa na namba yake, herufi zake tatu na tarakimu moja. Hizo za zamani, zisizo na mwaka. Aliinunua akiwa bado anaendesha basi, sijui alilipa kiasi gani, hakupata kuniambia. Alipofariki gari likaandikwa jina langu, nikaliendesha miaka minne, kisha magoti yakanikataa. Akaja kijana mmoja mstaarabu sana, mavazi safi, akalitazama gari dakika tano, hata boneti hakufungua. Nilisema pauni 1,200. Hakuomba kupunguziwa. Akahesabu noti, akachukua kadi, akaenda zake.

Mimi nikasema, wallahi watu wema wapo.

Miezi miwili baadaye mjomba wake mwanangu akalikuta lile gari limeegeshwa Hounslow na namba nyingine kabisa. Namba ya mzee ilikuwa kwa muuzaji wa namba, bei yake pauni 6,500. Kijana hakununua gari. Alinunua namba, gari akapewa kama mfuko wa rambo.

Nikaenda kwa mwanasheria wa ushauri wa bure. Akaniuliza, ulisaini mwenyewe? Nikasema ndiyo. Akaniambia basi mama, hakukuibia. Kwa hiyo wewe Mzigua fanya haraka.

#6 Kidumu_cha_Mbagala

Bi Mwanaidi pole mama. Mteja asiyeomba punguzo ni wa kuogopwa.

Ila huku bongo hayo hayatokei. Kila gari lina namba yake ya T, linazaliwa nayo na kufa nayo. Ukiuza gari linaondoka na namba, hakuna wa kulia. Na mtu akikuuliza "namba ngapi" hataki kujua jina la mwanao, anataka kujua herufi yake ni C, D au E. Toyota IST mbili zimetoka kiwandani Japani mwaka mmoja, rangi moja, lakini ya namba E itauzwa ghali kuliko ya namba C, kwa sababu namba C imeshakula mashimo ya Mbagala miaka mingi. Huku namba ni umri.

Za majina zipo, TRA wanatoa. Ilikuwa milioni 5, Julai 2016 ikapandishwa hadi milioni 10, na hiyo ni kwa miaka mitatu tu. Ikiisha unalipa tena. Milioni 10 mimi napata msingi wa nyumba Chanika na mchanga unabaki.

#7 FundiLeicester

Kidumu, huku pia namba ni umri, tena kuliko huko. Namba za tangu Septemba 2001 zina tarakimu mbili katikati. Kila Machi na kila Septemba zinabadilika: 19 ni gari lililoandikishwa kuanzia Machi 2019, 69 ni kuanzia Septemba ya mwaka huohuo. Kabla ya hapo, kuanzia 1983, herufi ya mwaka ilikaa mwanzoni. Nyuma ya hapo ilikaa mwishoni. Na nyuma zaidi, kabla ya 1963, hazikuwa na mwaka kabisa, ndizo kama ya marehemu mzee wa Bi Mwanaidi. Hizo zina bei kwa sababu zinakaa kwenye gari lolote na hakuna anayejua gari lina umri gani. Za Ireland ya Kaskazini nazo hazina mwaka, zina I au Z ndani yake, na nyingi bei yake ni ya chini. Mtu anayetaka tu kuficha umri wa gari lake hununua hizo.

Sheria ni moja: unaweza kulizeesha gari kwa namba, huwezi kulifanya kijana.

#8 Mswahili_Muscat

Ahlan wasahlan. Nyinyi wa Uingereza mnatafuta majina, sisi huku Ghuba tunatafuta uchache. Namba ya tarakimu tano ya mtu wa kawaida, tatu ya mtu na watu wake, mbili ukiiona unapisha. Na zinazojirudia, 7777 na mfano wake, watu wanaposa kwazo.

Abu Dhabi mwaka 2008 namba 1 iliuzwa mnadani dirhamu milioni 52.2. Watu wakasema haitavunjwa hiyo. Aprili 2023 Dubai wakauza P 7 kwa dirhamu milioni 55, na pesa zikaenda kwenye kampeni ya kulisha wenye njaa. Namba moja tu, na gari hupewi!

Ammi yangu Ruwi ana tarakimu tatu alizopata zamani. Gari lake ni pikapu ya Toyota, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya mnazi. Wanamsimamisha kwenye taa kumwuliza bei. Hauzi. Anasema gari ni bati, namba ndiyo heshima.

#9 KamauWaLuton

Wadau, hii thread imenifaa kweli. Kule nyumbani Kenya NTSA wanataka shilingi milioni moja kwa namba ya jina, kwa hivyo niliona huku pauni mia nne ni kama bure. Nataka kumnunulia mke wangu. Nauliza hivi: bora ninunue kwa DVLA, kwa hawa madalali, ama kwa mtu binafsi? Na nikichoka nayo naweza kuiuza nipate faida? Kuna dalali ameniambia ni uwekezaji.

#10 FundiLeicester

Kamau, neno "uwekezaji" likitoka mdomoni mwa anayekuuzia, shika mfuko wako.

Ni kweli zipo zilizopaa. 25 O iliuzwa mnadani 2014 kwa zaidi ya pauni laki tano. Aliyeinunua anauza magari ya Ferrari, na akaivisha Ferrari ya aina ya 250, sasa soma hiyo namba tena utaelewa. 51 NGH iliuzwa 2006 kwa pauni 254,000, kwa sababu 5 inasomeka S na 1 inasomeka I, na unajua akina Singh ni wangapi nchi hii. F 1 ilikuwa mali ya halmashauri ya Essex, wakaiuza 2008 pauni 440,000 na kidogo. Hizo ndizo madalali wanazokuonyesha. Hawakuonyeshi maelfu ya namba zilizolala kwenye tovuti zao tangu enzi za Blair.

Ukweli wa soko ni huu. DVLA wanauza kuanzia pauni 250, na namba za namna hiyo zipo mamilioni. Ukishanunua, DVLA hawainunui tena kwako. Unabaki kumtafuta mtu mwingine mwenye jina kama lako na wazimu kama wako. Dalali atakukadiria 2,000, ataiweka kwenye tovuti bure, itakaa. Akikwambia ulipe kwanza ada ya makadirio, mkimbie. Anayeipata ada hana haja ya kuiuza namba.

Kwetu Waswahili kuna jambo moja watu hawaliangalii. Majina tunayoshiriki na Waarabu na Wapakistani, Ali, Omari, Asha, bei yake iko juu kwa sababu mnashindana na Birmingham nzima. Lakini Neema, Baraka, Mwajuma, Zawadi? Mwingereza haoni jina pale, anaona herufi. Kwa hiyo unaipata rahisi, na kwa sababu hiyohiyo hutaiuza kwa faida. Kamau, mke wako ana jina la Kikikuyu? Basi nunua kwa mapenzi, faida isahau.

Pa kununulia: jina likipatikana DVLA nunua DVLA, unapata cheti kipya cha V750 kwa jina lako na ada ya kuivisha gari imeshalipwa. Kwa mtu binafsi, uwe na macho manne.

#11 Binti_Chumbageni

Hapo kwenye macho manne nipo mimi niliyekwenda na mawili.

Nilikuta tangazo kwenye kundi moja la mtandaoni. Muuzaji mpole, Kiingereza kizuri, akanitumia picha ya cheti cha V778, jina lake lipo, namba ipo, muhuri upo. Tukakubaliana pauni 700. Nikatuma benki Ijumaa usiku. Akaniambia huduma ya DVLA ya mtandaoni inafungwa saa moja jioni, nisubiri saa moja asubuhi. Ni kweli inafungwa, nikathibitisha. Asubuhi naingiza namba ya rejea ya cheti, mfumo unaniambia hakitumiki.

Namba ilikuwa imeshavishwa gari jingine. Nilikuja kugundua tulikuwa watu watatu tuliotumiwa picha ileile, na aliyewahi kuingiza zile tarakimu ndiye aliyechukua. Cheti kile si kama hati ya nyumba. Mwenye rejea yake anaweza kuivisha gari lolote. Benki walinirudishia baada ya miezi mitatu na fomu nyingi.

Safari ya pili nilifanya hivi: tulikaa na muuzaji mkahawani saa tano asubuhi, simu mbili mezani. Kwanza nikaandika taarifa za gari langu zote, nikabakiza kipande cha rejea. Yeye akanisomea, nikabonyeza, ujumbe wa kukubaliwa ukaja, hapohapo nikamtumia hela huku anaangalia akaunti yake. Alikuwa na wasiwasi kama mimi. Ukimwona muuzaji hana wasiwasi wowote, ujue kuna kitu.

#12 kisukari_gari

Mnapoteza hela bure. Mimi nina namba ya kawaida, nimewaambia waliotengeneza kibao wasogeze herufi na waweke bolti nyeusi katikati, inasoma jina langu safi. Gharama pauni 25.

#13 FundiLeicester

Na ukisimamishwa ni faini inayofika pauni 1,000, na gari linafelishwa MOT, ule ukaguzi wa kila mwaka. Kama ingekuwa namba ya jina, DVLA wanaweza kuichukua kabisa. Nafasi kati ya herufi imepangwa, mwandiko ni mmoja, mbele nyeupe nyuma njano. Halafu mtengeneza kibao wa halali anatakiwa aone kitambulisho chako na kadi au cheti kinachoonyesha una haki na hiyo namba. Kama hakukuuliza, hakuwa wa halali.

#14 kisukari_gari

Hakuniuliza.

#15 Mzigua_wa_Reading

SASISHO.

Jana nimekaa kwenye simu na bima dakika 50, muziki wao naujua kwa moyo. Mtu wa kwanza akasema haiwezekani, gari limeshafungwa kwenye mfumo. Nikamwambia sijasaini, na hela sijapokea. Akanipeleka kwa mwingine. Wa pili, mama mmoja wa makamo kwa sauti yake, akacheka akasema "ya mtoto, eh?" Saa mbili baadaye barua ilikuwa kwenye barua pepe: hawana dai juu ya namba.

Nikaingia DVLA, nikaingiza tarakimu 11 za kwenye kadi, nikalipa 80. Imetoka papo hapo. Corolla imerudishiwa namba yake ya zamani ya 69, nikawapa bima. Cheti na kadi mpya vinakuja kwa posta. Leo nimesaini, nimekubali hela.

FundiLeicester, ukipita Reading kuna pilau. Bi Mwanaidi, shikamoo, kisa chako ndicho kilichonifanya niwe mkali kwenye simu.

#16 Bi_Mwanaidi_Slough

Marahaba mwanangu. Mwenyezi Mungu akutilie baraka. Huyo mama wa bima naye umwombee dua.

#17 Dereva_wa_Dartford

Hongera mkuu. Kabla hujasahau, kachungulie kila mahali ulikoandika ile namba. Mimi nilipobadili namba nikaiambia bima, nikaiambia kazini, nikasahau akaunti ya kulipia kuvuka daraja la Dartford na ile ya London ya kulipia hewa chafu na msongamano. Navuka kila siku naamini inajikata yenyewe. Kumbe akaunti inaijua namba ya zamani, kamera inaona mpya. Barua zilipoanza kuja zilikuja tisa kwa mpigo, posta akaniuliza kama nimefungua ofisi.

Nilikata rufaa, zingine wakafuta, zingine nikalipa. Na kibali cha kuegesha mtaani kwako pia, hicho nacho kimefungwa kwenye namba.

#18 KamauWaLuton

Na mtu akifa na cheti kabatini, namba haijavishwa gari?

#19 FundiLeicester

Inaingia kwenye mirathi kama vitu vingine. Msimamizi wa mirathi anawaandikia DVLA, anaambatisha cheti cha kifo na nyaraka zinazoonyesha yeye ndiye msimamizi, pamoja na cheti cha namba. Inachukua muda, lakini inafanyika. Kinachoua ni familia kutojua kipo. Cheti kinadumu miaka 10 na kinahuishwa bila malipo, ila usipokihuisha na muda ukapita, haki imekwisha. Mwambie mke wako kiko droo gani.

#20 Mswahili_Muscat

Ammi yangu nimemwuliza leo akifa namba ya nani. Amesema ya yule atakayetengeneza mlango wa pikapu.

#21 Mzigua_wa_Reading

Wakuu, nimerudi. Msinicheke.

Hela ya bima iliingia Jumanne. Nikaona badala ya kurudia gari la bei ileile, nipate la bei nafuu, tofauti nimalizie ukuta wa nyumba Korogwe. Nimepata Honda Jazz safi kabisa, mmiliki mmoja, bibi wa Kiingereza, huduma zote kwa wakati. Nimelipa jana, nimelichukua. Cheti cha V778 kimefika leo asubuhi kwa posta, nikaona hii ni ishara. Nikamwita mama watoto na binti wakae kwenye kochi waone nikibonyeza. Nimeshaagiza na vibao.

Nikaingiza rejea. Nikaingiza taarifa za Jazz. Nikabonyeza.

Imekataa. Nimejaribu mara tatu, nimebadili hadi simu. Binti ananiuliza "baba, tayari?" Tatizo nini?

#22 FundiLeicester

Mzigua. Jazz ni ya mwaka gani?

#23 Mzigua_wa_Reading

66.

#24 Kidumu_cha_Mbagala

Huku namba ni umri. Niliandika mimi mwenyewe posti ya sita, na sina hata gari.

#25 FundiLeicester

66 ni Septemba 2016. Namba yako ina 19 tumboni. Unataka kulifanya gari la 2016 lionekane limezaliwa 2019, na hilo hawalikubali. Si mfumo umeharibika, usiendelee kubonyeza. Nilikuuliza maswali matatu, ukajibu mawili.

Namba haijapotea. Cheti ni chako miaka 10. Litafute gari lililoandikishwa Machi 2019 au baadaye, siku yoyote, itaingia, na ada hulipi tena maana ile 80 ilikuwa na ya kuivisha ndani yake. Vibao usivitupe. Ila usivifunge kwenye Jazz hata kwa picha ya mtandaoni, kamera za barabarani hazijui utani.

#26 Binti_Chumbageni

Au uza cheti. Ila nakuonea huruma utakavyomweleza mtoto.

#27 Mzigua_wa_Reading

Siuzi.

Nimemweleza. Nimemwambia gari hili ni kubwa kwake kwa miaka, halikubali kuitwa jina la mtoto. Amefikiri, kisha akauliza Jazz imezaliwa lini. Nikamwambia 2016. Akasema basi ni dada yake mkubwa, atafutiwe jina lake.

Mama watoto yeye hajasema kitu. Amechukua kibao kimoja cha njano, amekipigilia misumari juu ya mlango wa chumba cha binti. Kile cheupe amekiweka kwenye begi la Korogwe, anasema ukuta nao una mlango.

FundiLeicester, pilau ipo palepale.